Kabla hujaziamini herufi nne: namna ya kukipima kipimo cha tabia

Mwezi wa tatu binti mmoja aliingia kwenye steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini. "Shikamoo kaka, naomba unitolee hii, kopi moja ya rangi." Ilikuwa matokeo ya kipimo cha tabia alichofanya kwenye simu: herufi nne kubwa, INFP, mchoro wa katuni, na kurasa mbili za kumsifia. Alikuwa anaomba kazi ya mapokezi hotelini, na aliona karatasi ile itamtofautisha na wenzake. Nilipokuwa natafuta pa kuhifadhi faili, nikakuta lingine lenye jina lake kwenye kompyuta, la Desemba, siku alipokuja kurudufu vyeti. Lile lilisema ENFJ. Miezi mitatu tu, na herufi mbili kati ya nne zimegeuka.

"Sasa kaka, mimi ni yupi?"

Nilisomea ualimu kabla ya kuangukia biashara ya karatasi, na saikolojia ndilo somo pekee ambalo madaftari yake sikuyatupa. Tangu siku ile nimewasaidia watu kadhaa kuvikagua vipimo hivi, na mimi mwenyewe nimejipima. Utaratibu ninaoufuata ndio huu. Unahitaji daftari, kalamu, bando la siku moja na subira ya wiki tano. Hiyo subira ndiyo inayowashinda wengi.

Hatua ya kwanza: ijue mizani yenyewe

Nenda mwaloni Kibirizi asubuhi, dagaa wanapouzwa. Mizani ikikupa kilo mbili sasa hivi, ukarudisha fungu lilelile baada ya dakika moja ikasoma kilo moja na nusu, utaikataa bila kumwita mtaalamu. Huo ndio uthabiti: kitu kilekile, jibu lilelile. Lakini kuna mizani nyingine ambayo kila ukipima inasoma kilo mbili, haiyumbi, na bado imechezewa. Inakupunja gramu mia mbili kila mara. Hiyo ina uthabiti ila haina usahihi. Kipimo cha tabia sharti kiwe na vyote viwili, na ukisoma matangazo yake utaona sifa nyingi kuhusu wewe na karibu hakuna neno kuhusu mizani.

Vipimo viko vya namna mbili. Namna ya kwanza inakuweka kwenye aina: wewe ni huyu au ni yule. Kinachojulikana kuliko vyote ni MBTI, kazi ya Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, ambao hawakusomea saikolojia. Walichukua mawazo ya daktari Mswisi Carl Jung, aliyeandika kuhusu aina za watu mwaka 1921, wakayageuza kuwa maswali. Zinapatikana aina 16, kila moja na herufi zake nne, kama INFP. Tena wengi wanaojipima bure kwenye simu hawafanyi hata hicho chenyewe. Wanafanya vilivyoazima herufi zake, kila tovuti na maswali yake. Kundi hili lina ndugu yake mkubwa mnayemjua kutoka semina za uchumba na ndoa: sanguini, koleriki, melankoli, flegmatiki. Hayo ni mawazo ya tangu enzi za Wagiriki wa kale, walioamini mwili unaendeshwa na majimaji manne, yaani damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na kohozi. Madaktari waliyaacha majimaji hayo zamani, ila majina yamebaki kwenye vitini vya semina.

Namna ya pili haikupi jina, inakupa viwango. Watafiti wengi wa leo wanatumia sifa tano: upokeaji wa mawazo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa watu, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila moja unapewa namba. Maswali yake yapo ya bure kwenye hazina iitwayo IPIP, ambayo haina hakimiliki, na kuna matoleo ya maswali 120 na 300. Ukiwa na muda, chagua la 120. Vile vya maswali kumi vinavyozunguka WhatsApp ni vya kuchangamsha kijiwe.

Kwa nini nasisitiza namba? Simama stendi uwapime kimo watu mia moja wanaoshuka kwenye basi la Kasulu. Wafupi sana watakuwa wachache, warefu sana wachache, wengi wako katikati. Tabia nazo ziko hivyo. Sasa mtu akichora mstari katikati na kusema "huku warefu, huku wafupi", wawili waliopishana sentimita moja wanakuwa watu wa aina mbili, na mwenye 51 anawekwa fungu moja na mwenye 95. Yule binti wa INFP, tulipofungua ukurasa wa asilimia, kwenye uchangamfu, ambapo chini ya 50 unapewa I na juu yake E, alikuwa na 47. Desemba alikuwa na 54. Hakubadilika kitu. Alikuwa anaishi karibu na mstari.

Hatua ya pili: funga mlango kabla ya kuanza

Hapa nitakuwa mfupi. Usiingie kwa akaunti ya Facebook, usitoe namba ya simu wala ya NIDA, na usilipie "ripoti kamili" kwa namba ya mtu usiyemjua. Mwaka 2018 dunia ilijua habari ya kampuni ya Cambridge Analytica: programu ya maswali ya tabia kwenye Facebook ilisakinishwa na watu wapatao 270,000, na kwa kuwa iliruhusiwa kuchota taarifa za marafiki zao pia, ikafikia watu hadi milioni 87. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini taarifa uliyoimwaga mwenyewe haizoleki kama mawese yaliyomwagika mchangani. Tumia barua pepe ya pembeni, au chagua tovuti isiyoomba chochote.

Hatua ya tatu: lugha

Hapa ndipo vipimo vingi vinapotufia mkononi, na ndipo sioni watu wakipaangalia. Maswali mengi yametungwa kwa Kiingereza, kwa kuwafikiria watu wa Marekani. Kuna swali maarufu linalouliza kama wewe ndiye unayechangamsha sherehe. Mpwa wangu alilipitisha kwenye tafsiri ya mashine ikamletea "Mimi ni maisha ya chama", kwa kuwa "party" ya Kiingereza ni sherehe na ni chama pia. Akajibu hapana, kwa sababu hana kadi ya chama chochote. Matokeo yakasema ni mtu wa kujitenga. Huyu ndiye anayeshika kipaza sauti harusi zote za ukoo wetu kuanzia hapa hadi Buhigwe.

Kwa hiyo usijibu swali kabla hujalitamka kwa maneno yako. Chukua daftari, soma swali, liandike upya kama ungemuuliza jirani yako. Wanauliza kama unapenda kuanzisha mazungumzo na watu usiowajua? Hapa kwetu kumpita mtu mzima bila salamu ni utovu wa adabu, kwa hiyo hata mwenye haya kuliko wote anaanzisha mazungumzo mara ishirini kwa siku. Swali linalotafutwa ni jingine: salamu zikishaisha, unabaki kuongea au unatafuta pa kutokea? Ukilijibu lile la juujuu, Kigoma nzima itaonekana imechangamka.

Kuna na tatizo la ndiyo. Tumelelewa kukubali, mgeni akiuliza kitu kwa upole, kumwambia hapana ni kama kumfungia mlango. Watafiti waliolinganisha majibu ya sifa tano kwenye nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2019, waliona kwamba mahojiano ya ana kwa ana yalivuruga kipimo, na tabia hii ya kukubalikubali ilikuwa moja ya sababu. Miaka sita kabla ya hapo, wenzao walipowahoji Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji, watu wazima 632, zile sifa tano hazikujitokeza kama zilivyotarajiwa. Mizani iliyotengenezwa kupima chuma haiwi sahihi ghafla kwa sababu umeweka pamba.

Njia ya kujikagua ni hii. Kipimo kizuri kina maswali ya kupingana yaliyotupwa mbalimbali: "Naongea sana" kwenye namba 6, "Ni mkimya mbele ya watu" kwenye namba 41. Ukimaliza, tafuta jozi tano za namna hiyo. Ukikuta umeyakubali yote mawili zaidi ya mara moja, ulikuwa unajibu kwa adabu. Futa, anza upya kesho.

Na muda wa kukaa uuchague. Usijipime siku uliyoachwa, siku mshahara umetoka, wala usiku wa kuamkia mtihani. Asubuhi ya siku ya kawaida, peke yako. Ukiulizwa, fikiria miezi sita iliyopita, sio jana. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kila swali linaloanza na kitu kizuri, kama "Namaliza kazi kwa wakati", lisimamishe kwanza ujiulize mara ya mwisho ilikuwa lini.

Hatua ya nne: andika utabiri wako, ufunge

Kabla ya kubonyeza kitufe cha matokeo, andika kwenye daftari namba unazotarajia kwa kila sifa, kuanzia 0 hadi 100. Weka tarehe. Kazi ya dakika mbili, lakini bila hiyo hutajua kama kipimo kimekuambia kitu kipya au kimekurudishia tu ulichokwishajisemea.

Hatua ya tano: mtego wa "hapa wamenisema kabisa"

Matokeo yakija, mwili unasisimka. "Una uwezo mkubwa ambao bado hujautumia." "Kwa nje unaonekana umejipanga, ndani una mashaka." Unamtumia rafiki: soma hapa, huyu ni mimi! Subiri.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake kwa siri, akawaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa jinsi yalivyowagusa. Wastani ulikuwa 4.26. Halafu akawafunulia siri. Maelezo yalikuwa yaleyale kwa wote, na sentensi zake nyingi alizitoa kwenye kitabu cha unajimu cha kununua barabarani. Zile mbili nilizotaja hapo juu zinafanana na zake. Kila mtu ana uwezo ambao hajautumia. Mashaka ya ndani nani hana? Ukisikiliza watabiri wa nyota redioni, ufundi ndio huohuo: maneno mapana, sifa nyingi, na kasoro moja ndogo isiyouma.

Jaribu mwenyewe, mimi nimelifanya dukani mara tatu. Chukua maelezo yako na ya aina nyingine mbili, moja iliyo mbali nawe kabisa. Toa majina, herufi na picha; acha maneno matupu. Yachape kwenye karatasi tatu zilizoandikwa A, B na C. Mpe mtu anayekufahamu vizuri, aseme ipi ni yako. Fanya kwa watu sita. Kwa kubahatisha tu, wawili kati ya sita watapatia, kwa hiyo wawili wakipatia usishangilie. Watano au sita wakipatia, kipimo kimeona kitu. Kwenye ya kwangu walipatia watatu, na mmoja kati ya hao alikiri kwamba aliona karatasi imekunjwa zaidi, akajua nimeisoma mara nyingi.

Kisha pitia maelezo kwa kalamu nyekundu. Kata kila sentensi ambayo ingemfaa pia dereva wa bajaji, mama muuza migebuka na sheikh wa msikiti. Zitakazobaki ndizo habari. Kurasa mbili za yule binti zilibaki mistari minne, na mmoja wake ulisema hapendi kelele.

Hatua ya sita: rudia baada ya wiki tano

Usitazame majibu ya zamani. Kipimo kilekile, lugha ileile, siku ya kawaida kama ile ya kwanza. Ukimaliza, andika namba mpya kando ya za kwanza na utoe tofauti.

Usilinganishe herufi. Mwaka 1993 mwanasaikolojia David Pittenger alipopitia tafiti za MBTI, aliandika kwamba hata pakipita wiki tano tu, hadi nusu ya watu wanaweza kuangukia aina nyingine. Sababu ni ule mstari wa katikati. Namba ndizo zinazoeleza. Kwa kadirio langu la mtaani, tofauti isiyozidi kumi kwenye mia ni upepo, iache. Ikizidi ishirini, jiulize kwanza kama kuna kitu kimetokea: msiba, kazi mpya, mtoto. Kama hakuna, na sifa tatu kati ya tano zimeruka hivyo, kipimo hicho hakikufai, tafuta kingine. Sifa iliyotulia mara mbili unaweza kuanza kuishughulikia.

Watu hubadilika, ndiyo, lakini polepole, kwa miaka. Mtu mzima habadiliki kati ya mfungo na Idi.

Kabla ya kuambatanisha kwenye barua ya kazi

Usiambatanishe. Hata kampuni inayouza MBTI yenyewe inasema haifai kutumika kuchagua wa kuajiri. Katika utafiti wa kazini, sifa iliyoonyesha uhusiano wa mara kwa mara na utendaji ni ile ya bidii na utaratibu; watafiti Barrick na Mount walilionyesha hilo mwaka 1991 kwa kukusanya tafiti nyingi, na hata huo uhusiano si mkubwa kiasi cha kumjua mtu kabla hajafika kazini. Yule binti tulimwondolea karatasi ile, tukaongeza sentensi moja kwenye barua: ameshika daftari la kikoba cha mama zake wadogo kwa miaka miwili bila hesabu kugombana. Kama aliitwa au hakuitwa, hajarudi kuniambia.

Kwa ndoa nina neno moja. Nimewahi kutoa kopi ya orodha ya "aina zinazoendana" kwa vijana wawili waliokaribia kuachana kwa sababu yake. Wazee wetu walikuwa wanatuma watu kwenda kuuliza kwa majirani wa binti na wa kijana. Ule ulikuwa uchunguzi, na una uhusiano na hatua ya mwisho.

Hatua ya saba: waulize wanaokuona

Nyani haoni kundule. Vipimo vyote nilivyovitaja vina kasoro hii moja: vinamuuliza nyani mwenyewe. Bahati nzuri, kilomita chache kaskazini ya mji wetu kuna mahali ambapo njia nyingine imejaribiwa, kwa viumbe wasioweza kujaza fomu kabisa.

Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika Gombe, msitu wa sokwe, mwaka 1960, akaanza kuwapa sokwe majina na kueleza tabia zao mmoja mmoja, jambo ambalo wanasayansi wa wakati ule walimsuta kwalo. Mwaka 1973 sokwe 24 wa kundi la Kasekela walitathminiwa tabia kwa dodoso. Miongo mingi baadaye watafiti wakarudi na dodoso tofauti, wakawaomba Watanzania waliofanya au wanaofanya kazi ya kuwafuata sokwe porini, watu waliokaa nao miaka, wawape alama sokwe 128 wa makundi ya Kasekela na Mitumba. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Watoa alama walikubaliana kwa kiasi cha kuridhisha hadi kizuri, na picha iliyopatikana iliendana na ile ya 1973, ingawa watu na maswali walikuwa wengine. Nikipita Kibirizi nikaona boti ya Gombe inapakia, huwa nakumbuka kwamba wanaume wa vijiji vya ziwani walipima tabia kwa umakini kuliko simu iliyo mfukoni mwangu.

Basi fanya kama wao. Chagua watu watatu waliokuona kwenye mazingira tofauti: wa nyumbani, wa kazini au shuleni, na mmoja asiyekuogopa. Usimchague mdeni wako. Andika mambo matano kwa Kiswahili cha kawaida, kila moja lipewe alama 1 hadi 5, kwa mfano "Akiahidi siku, anatimiza siku hiyo" au "Akikosolewa, ananuna." Swali liwe juu ya kitu kinachoonekana kwa macho, si "ana moyo mzuri". Kila mmoja ajaze peke yake, karatasi ikunjwe, wewe usiwepo. Ukikusanya, tazama kwanza kama wao watatu wanakubaliana, ndipo uwalinganishe na namba zako. Wakikubaliana wao kwa wao na wakapishana na wewe, mimi nawaamini wao.

Namba yangu ya bidii na utaratibu ilikuwa 81 mara ya kwanza na 78 baada ya wiki tano. Uthabiti wa kupigiwa mfano. Kwenye karatasi, msaidizi wangu wa dukani alinipa 2 kati ya 5, kaka yangu 2. Mke wangu aliandika 2, akakata, akaandika 1, kisha akaongeza kwa chini kwamba boksi lililo chini ya meza lina vyeti vya kuzaliwa vya watu tangu mwaka juzi, na kwamba wenyewe wanapiga simu kwake.